Nusu Kadi kwa Dola 300: Dhidi ya Shuhuda za Voodoo

Kuna aina ya makala ambayo imeshakuwa fani kamili, ina kanuni zake kama utenzi ulivyo na vina na mizani, na mimi nimechoka nayo. Mwandishi ni mwanamume wa makamo. Anakumbuka mwaka 1997. Alikuwa na kompyuta, alikuwa na gemu ya Quake, na alikuwa anaishi gizani: picha za chengachenga, kuta zinazomeguka vipande ukizisogelea. Kisha akaweka akiba, au akamlilia baba yake, akanunua kadi yenye chipu za Voodoo za kampuni ya 3dfx, akaichomeka, akawasha, na magamba yakamdondoka machoni. Aya ya mwisho inasema hakuna kifaa kingine kilichowahi kumpa hisia ile, na kwamba vijana wa leo hawataelewa. Amina.

Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa injili pale Jangwani anaijua fani hii. Inaitwa ushuhuda. Nilikuwa hivi, nikakutana na kile, sasa niko hivi. Ushuhuda hauulizwi maswali, maana anayeshuhudia hadai kitu, anatoa shukrani tu. Na ndiyo maana nataka kuuliza maswali. Shuhuda hizi zimeshakuwa historia yenyewe. Ukitaka kujua watu walinunua nini walipoanza kununua kadi za grafiki za kuchomeka, unakutana nazo kwanza, na zinakudanganya katika mambo matatu: kitu chenyewe kilikuwa nini, uzuri wake ulikuwa wa aina gani, na mnunuzi alibaki na nini mkononi baadaye.

Wasomaji wa hapa ni watu wa vitabu. Mtasema hili halituhusu. Nivumilieni kidogo.

Tuanze na kitu chenyewe. 3dfx ilianzishwa California mwaka 1994 na Scott Sellers, Ross Smith na Gary Tarolli, watu waliotoka Silicon Graphics, kampuni iliyokuwa inatengeneza mashine ghali za kuchora picha za pande tatu. Chipu zao ziliingia kwanza kwenye mashine za gemu za kumbi za burudani, zile za kutumbukiza sarafu. Bei ya memori iliposhuka mwaka 1996 ndipo ikawezekana kuziweka kwenye kadi ya mtu wa kawaida. Kampuni yenyewe haikuuza kadi. Iliuza chipu, na wengine kama Orchid na Diamond wakatengeneza kadi, wakaziweka kwenye maboksi ya rangi kali, wakaziuza karibu dola 300.

Sasa hiyo dola 300 ilinunua nini? Ilinunua nusu ya kadi. Sitanii. Voodoo ya kwanza haikuweza kuonyesha herufi moja kwenye skrini. Haikuweza kuchora dirisha la Windows, wala kukuonyesha barua unayoandika, wala hata ule ujumbe mweupe kwenye weusi unaoonekana kompyuta inapoamka. Ilijua kazi moja tu: kuchora pembetatu zilizovalishwa picha, skrini nzima, basi. Kwa mengine yote ulihitaji kadi yako ya zamani ibaki palepale ndani ya boksi. Kisha kebo fupi ilitoka nje nyuma ya kompyuta, kutoka kadi ya zamani hadi kuingia Voodoo, na monita ikachomekwa kwenye Voodoo. Ukiwa unafanya kazi za kawaida, picha ilipita tu ndani ya Voodoo kama abiria anayepita stendi bila kushuka. Ukifungua gemu, Voodoo inamfungia mwenzake mlango na kuchukua skrini. Kwenye kadi ya Orchid ubadilishaji huo ulifanywa na swichi za chuma, ukawa unasikia kabisa: kliki.

Wanaoshuhudia wanaipenda sana hiyo kliki. Kwao ni kengele ya misa. Mimi naisikia kama risiti: ni sauti ya kukukumbusha kwamba umelipa kadi mbili ili upate moja.

Ndani yake kulikuwa na chipu mbili na megabaiti 4 za memori. Megabaiti 2 zilihifadhi picha inayochorwa, 2 nyingine zilihifadhi zile nguo za kuvalisha pembetatu: matofali, ngozi, kutu. Ukipiga hesabu utaona ukuta uko wapi. Picha ya pikseli 640 kwa 480, kila pikseli baiti 2, inakula baiti 614,400. Unahitaji mbili, moja inayoonekana na nyingine inayochorwa nyuma ya pazia, pamoja na daftari la tatu la ukubwa uleule linaloandika kila pikseli iko umbali gani, ili adui aliye nyuma ya nguzo asichorwe mbele yake. Mara tatu ni kama milioni 1 na laki 8 na nusu. Inaingia. Ukitaka 800 kwa 600, hesabu inapita megabaiti 2, kwa hiyo lazima ulitupe hilo daftari la umbali. Ndiyo kusema karibu kila mtu alicheza kwa 640 kwa 480 na akashukuru.

Na alikuwa na sababu ya kushukuru. Hapa siwezi kuwa mchoyo. Quake ilitoka Juni 1996, na kazi yote ya kuchora ilikuwa juu ya prosesa. Kuchora ukuta unaokwenda mbali bila picha yake kupinda kunahitaji hesabu ya kugawanya kwa kila pikseli, na kugawanya ndiyo hesabu anayoichukia prosesa kuliko zote. Michael Abrash, aliyefanya kazi hiyo pamoja na John Carmack, alitumia ujanja mmoja mtamu: gawanya mara moja kila baada ya pikseli 16, katikati kisia kwa mstari ulionyooka, na wakati Pentium inahangaika na mgawanyo unaofuata upande mmoja, upande wake wa pili uendelee kupaka pikseli. Jicho halijui. Ndiyo maana Quake ilikimbia kwenye Pentium na kuchechemea kwenye prosesa za Cyrix zilizokuwa nafuu, ambazo hazikuwa na mikono miwili ya namna hiyo. Hata hivyo, kwa ujanja wote ule, watu wengi waliicheza kwa pikseli 320 kwa 200, yaani pikseli 64,000. Voodoo ilitoa 307,200, karibu mara tano, ikigawanya kwa kila pikseli bila kukisia, na prosesa ikapumua. Wakati huohuo soko lilikuwa limejaa kadi zilizoandikwa "3D" kwenye boksi, kama S3 ViRGE, ambayo watani waliibatiza jina la kadi ya kupunguza mwendo, maana gemu nyingine zilikwenda polepole zaidi ukiiwasha kuliko ukiiacha. Katika soko la namna hiyo, kampuni inayotimiza ilichoahidi ni muujiza. Nawaelewa.

Lakini muujiza una maelekezo ya matumizi, na mimi niliyajua kwa njia mbaya.

Mwaka 2003, nikiwa kidato cha pili, nilinunua Voodoo yangu Kariakoo, kwenye duka la vifaa vya kompyuta vilivyotumika. Nilitoa shilingi 15,000, hela ya miezi kadhaa ya kutembea kwa miguu nikitunza nauli. Usione ajabu kwamba nilichelewa miaka sita. Sisi tunatoka nchi ambayo mwaka 1974 serikali yake ilizuia uingizaji wa kompyuta, na televisheni Tanzania Bara haikuanza mpaka 1994. Kitu cha 1997 kufika mikononi mwangu 2003 ilikuwa mwendo kasi. Muuzaji aliniambia maneno matano: "Hii ndiyo ya magemu, dogo." Nikafika nyumbani, nikafungua boksi la kompyuta ya mjomba bila ruhusa yake, nikang'oa kadi iliyokuwemo kwa sababu ndiyo akili ya kawaida, kipya kinachukua nafasi ya cha zamani, nikachomeka Voodoo, nikawasha.

Giza. Feni inazunguka, taa ya kijani inawaka, skrini nyeusi kama sufuria.

Nilikaa na lile giza siku nne. Mjomba aliporudi kutoka safari nilikuwa nimeshairudisha kadi yake, lakini skrubu mbili zilibaki mkononi na hadi leo sijui zilitoka wapi. Nilimrudia muuzaji. Akaniangalia kwa huruma na kuniuliza: "Kebo yake unayo?" Kebo gani? "Ile ya kuunganishia." Basi niuzie. "Haikuja nayo." Ndipo fundi mmoja aliyekuwa anachomea kitu pembeni, bila hata kuinua kichwa, akanieleza yote niliyoyaeleza mimi hapo juu kuhusu abiria na stendi. Mfano huo ni wake. Kebo niliipata baada ya mwezi na nusu, kwa mtu mwingine, kwa bei ambayo sikumwambia mama. Draiva nilizitafuta kwenye intaneti kafe nikilipia kwa nusu saa, kwenye kurasa za watu wa kujitolea, kwa sababu kampuni ilishakufa.

Katika shuhuda nilizowahi kuzisoma, hakuna mtu aliyewahi kukaa na giza. Hakuna aliyenunua bila kebo. Wote walikuwa na Pentium nzuri, baba mwenye kadi ya benki, na duka lenye maelezo. Sisemi wanadanganya juu ya maisha yao. Nasema fani yenyewe inachagua nani anaruhusiwa kukumbuka. Na sisi wa mitumba, tuliovinunua vitu hivi bila boksi, bila kitabu, bila kebo, tukiijua mashine kwa kuikosea, tuna kumbukumbu nyingine ambayo haiingii kwenye ule umbo wa "nikawasha na nikaona". Tuliwasha na hatukuona. Ilibidi tuulize kwa nini, na jibu ndilo lililotufundisha kitu.

Jambo la pili ni uzuri. Januari 1997 Carmack alitoa toleo la Quake lililochorwa kwa kadi, likaitwa GLQuake, na hilo ndilo lililowauzia watu Voodoo kuliko tangazo lolote. Kila ushuhuda unatumia neno moja kulihusu: halisi. Ghafla dunia ikawa halisi.

Halisi kwa vipi? Nimecheza matoleo yote mawili, tena nimeyarudia mwezi uliopita kabla ya kuandika haya. Quake ya mwanzo, ile ya "gizani", ina mwanga mkali. Taa ya ukutani inaunguza tofali lililo karibu nayo, kisha inafifia hatua kwa hatua mpaka kona ambayo hutaki kuiingia. Rangi ni chache, 256 tu, zote za kahawia na kutu na damu iliyokauka, na zimechaguliwa na wachoraji waliojua kwamba ni chache. Punje unaziona. Ukimkaribia zimwi, uso wake ni punje zilizopangwa na mkono wa mtu. Katika GLQuake mwanga ule wa kuzidi haukuwezekana, ukakatwa, na vyumba vingi vikawa na mwanga mfu ulio sawa. Punje zikapakwa zikachanganyikana, kwa njia ambayo kila pikseli inachukua wastani wa majirani zake wanne, na uso wa zimwi ukawa kama umesuguliwa kwa sabuni. Ni laini zaidi. Ni wazi zaidi kwa mbali. Lakini si halisi zaidi, na kwa gemu iliyokusudiwa kutisha, nadhani ni mbaya zaidi.

Mtu anaweza kubishana nami, na abishane, hii ni ladha. Nisichokubali ni kwamba hapakuwa na ubishi wenyewe. Wahakiki wa wakati ule walikuwa na kipimo kimoja, picha ngapi kwa sekunde na pikseli ngapi kwa picha, na kwa kipimo hicho Voodoo ilishinda kabla ya mechi. Hawakuuliza ulaini ule unamfanyia nini mchezaji aliyesimama kwenye ngazi za chini akisikia kitu kinakoroma. Ulaini ukawa ubora, kwa kuwa ulaini ndio uliokuwa unauzwa.

Watu wa fasihi msicheke. Sisi tuna ugonjwa huohuo. Hesabuni mara ngapi mmesoma uhakiki wa riwaya ya Kiswahili unaosifu "lugha nyepesi inayotiririka" kana kwamba kutiririka ni sifa ya kila kitu, hata cha msiba, hata cha mwenye kigugumizi. Maji ya bomba nayo yanatiririka. Mwandishi akiweka punje kwenye sentensi, akaacha neno la Kimvita au la Kipemba limkwaruze msomaji wa Dodoma, mhariri anapita na sabuni. Baadaye tunashangaa kwa nini riwaya zote zina uso mmoja.

Jambo la tatu ndilo linaloniudhi hasa.

Gemu za wakati ule ziliongea na kadi kupitia lugha maalum. Microsoft ilikuwa na yake, Direct3D, na mwaka 1996 ilikuwa taabu tupu kuiandikia. Carmack aliikataa hadharani Desemba ile. Kulikuwa na OpenGL, iliyozaliwa kwenye mashine kubwa za Silicon Graphics, nzuri lakini nzito kwa kadi changa. 3dfx ikatengeneza yake, Glide: ndogo, nyepesi, imekatwa kama nguo ya kupimwa kwa mwili wa Voodoo. Waandishi wa gemu waliipenda na walikuwa na haki. Ilifanya kazi. Gemu ikianza, nembo ya 3dfx ilizunguka kwenye skrini kwa madaha, na anayeshuhudia atakuambia nywele zilimsimama.

Nembo ile ilikuwa kufuli. Gemu iliyoandikwa kwa Glide ilivaa vizuri kwa kadi ya kampuni moja tu duniani. Ulipotoa dola 300 hukununua tu mashine, ulinunua kibali cha kusoma, na kila gemu uliyonunua baada ya hapo ilikaza kamba. Watu walipoanza kutengeneza programu za kuwezesha kadi nyingine zielewe Glide, kampuni iliwatumia wanasheria. Ilikuja kufungua siri za Glide mwishoni mwa 1999, wakati farasi alishatoka zizini. Ilikuwa imeshainunua kampuni ya STB na kiwanda chake ili itengeneze kadi zenyewe, ikiwapa kisogo walewale waliokuwa wakinunua chipu zake. Nvidia ikatoa GeForce 256. Desemba 2000 Nvidia ikanunua mali na haki za 3dfx, na mwaka 2002 3dfx ikaomba ufilisi. Angalieni hapo: Nvidia ilinunua haki, haikununua deni kwa wateja. Aliyekuwa na Voodoo nyumbani aliamka siku moja bila mtu wa kumtengenezea draiva. Mashine nzima, gemu ziko kwenye sidii, mwenye ufunguo kafariki, na mrithi hajui habari.

Nani aliziokoa gemu hizo? Kampuni hazikuhusika. Ni watu wa kujitolea, walioandika programu za kutafsiri Glide kwenda lugha nyingine, nGlide, dgVoodoo na nyinginezo, usiku, bila malipo. Leo ukitaka kucheza gemu ya Glide kama ilivyokusudiwa, unacheza kwa hisani yao.

Mswahili yeyote anayesoma mashairi anaijua hadithi hii. Tungo za pwani ziliandikwa kwa khati ya Kiarabu kwa karne nyingi. Utenzi wa Tambuka una nakala ya mwaka 1728. Ikaja serikali ya kikoloni na shule zake, ikaja kamati ya lugha ya 1930 na usanifishaji, khati ya Kilatini ikawa ndiyo kusoma kwenyewe, na watu waliokuwa wasomi jioni wakaamka wajinga asubuhi, nyaraka wanazo sandukuni. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa hazikutufikia kwa sababu Muyaka alikuwa mkubwa, ingawa alikuwa mkubwa. Zilitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua alihangaika kuzikusanya na kuzieleza akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor, na hata hivyo diwani haikuchapwa mpaka 1940, miaka 100 hivi baada ya mshairi kufa. Sikujua ndiye dgVoodoo wetu. Nasema kwa heshima zote.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito kuliko shuhuda zote. Wanasema: bila wale wanunuzi wa 1997, wajinga au werevu, hakuna soko la kadi za grafiki, bila soko hilo hakuna Nvidia ya leo, na bila kadi za gemu hakuna akili bandia. Hiyo ya mwisho si mzaha. Mwaka 2012, Alex Krizhevsky na wenzake wa Toronto walifundisha mtandao wao wa kutambua picha kwa kadi mbili za GTX 580, kadi za gemu za dukani, na dunia ikageuka. Kwa hiyo, wanasema, kila kijana aliyetoa dola 300 aone zimwi likiwa laini alikuwa anachangia sayansi bila kujua.

Nakubali kila neno. Ndilo linalonikasirisha. Alichangia bila kujua, na bila kuulizwa, na historia inamlipa kwa kumpa nafasi ya muumini: mtu wa kulia kwa furaha mbele ya skrini. Haimpi nafasi ya mtu aliyelipia jaribio, akafungiwa nje lilipobadilika. Tena mafundisho yamesahaulika kabisa, maana ndugu zangu, CUDA ni nini? Ni lugha ya kuongea na kadi, nzuri, nyepesi, inayofanya kazi, inayovaa vizuri kwa kadi za kampuni moja tu. Waliokuwa wanaimba sifa za Glide wamehamia kwaya ya pili na wimbo ni uleule. Safari hii kilichofungwa si gemu za mashetani.

Na sisi? Miaka mitano hivi iliyopita nilinunua riwaya ya Kiswahili, sehemu kwa sehemu, ndani ya programu moja ya simu. Sehemu 60 na kitu, kila moja shilingi mia kadhaa kwa pesa ya simu. Ilikuwa hadithi nzuri kweli, ya mwanamke fundi magari, mwandishi wake alijua gereji mpaka harufu. Simu ikaharibika. Nikanunua nyingine, nikaitafuta ile programu, haipo. Waliokuwa nayo walishafunga. Nikamtafuta mwandishi nikampata, nikamwomba nimlipe tena anitumie. Akaniambia hana nakala: alikuwa anaandika humohumo ndani ya programu, kwenye simu yake, sehemu ikiisha anabonyeza kutuma.

Riwaya ya sehemu 60 na kitu. Haiko kwa msomaji, haiko kwa mwandishi, haiko maktaba, haina hata karatasi ya kufungia karanga. Muyaka alikuwa na bahati.

Ndiyo maana sizivumilii shuhuda. Zinawafundisha watu kukumbuka siku ya kununua na kusahau siku ya kufungiwa. Mtu anayekumbuka vizuri angesema: nilitoa dola 300, nikapata nusu ya kadi, ilikuwa tamu kwa miaka miwili au mitatu, kisha nikahitaji mtu nisiyemjua anitengenezee ufunguo wa kitu nilichokuwa nimeshakilipia. Hapo ndipo ningeanza kumsikiliza, na ningemuuliza zaidi: kebo ulipata wapi? Draiva nani alikutunzia? Gemu zako leo ziko wapi?

Mwandishi wa ile riwaya ya fundi magari ameanza kuiandika upya kwa kumbukumbu. Amefika sehemu ya 11. Safari hii anaandika kwenye daftari la kaunta, na kila Jumapili mdogo wake anapeleka kurasa stationery kutoa kopi mbili. Moja anabaki nayo. Nyingine ananitumia kwa basi.